Tulifanana Hadi Kosa

Msomaji mmoja wa Masasi amenitumia ujumbe wiki hii: "Dada Safina, kubali tu uliibia yaishe, tuendelee na mambo mengine." Kaka yangu wa Masasi, nakuheshimu, lakini sikuibia. Na hata ningekubali, yasingekwisha. Wewe soma ya leo ndiyo utaelewa.

Kwa wanaonianza leo, habari ni hii. Mimi nasoma famasi, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Mtwara. Mama ni marehemu. Baba yuko Tunduru na mke mwingine na watoto wengine. Mimi naishi Magomeni ya hapa hapa Mtwara na kaka yangu Yassini, fundi wa friji.

Chuoni nilikuwa na rafiki mmoja tu, Tanzila, binti wa mwenye duka wa Mikindani. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula tulikaa meza za jirani. Swali moja lilituuliza namna ya kutengeneza dawa ya unga ya mtoto, ile inayotiwa maji kwenye chupa. Majibu yetu yakatoka sawasawa, neno kwa neno, hadi makosa.

Na makosa yenyewe, jamani! Wote wawili tuliandika "maji safi" mara mbili mfululizo, kama watu wenye kigugumizi cha kalamu. Wote wawili tuliiruka hatua ya kwanza kabisa, ile ya kusoma lebo ya chupa.

Mwalimu Filipo, anayetufundisha somo hilo, aliziweka karatasi zetu pamoja akasema, "Kuna mwizi hapa." Na kwa kuwa Tanzila ndiye kinara wa darasa na mimi ni wa katikati, macho yakaja kwangu.

Ukweli ni kwamba tulisoma pamoja. Marehemu mama alikuwa anafundisha watoto wa kike Kurani pale barazani kwetu, na mimi nilijifunza kukaa chini, kuyumba mbele na nyuma, na kughani mpaka maneno yaingie damuni. Kichwa changu hakishiki kitu kwa njia nyingine. Chuoni nikafanya hivyo hivyo na madaftari ya dawa. Ni Kiingereza kitupu, ila mahadhi ni ya mama. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili tu ili twende pamoja.

Tanzila alinikuta siku moja naghani peke yangu nyuma ya maktaba. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Nifundishe." Tangu hapo akawa anakuja kwetu karibu kila jioni, tunaketi mkekani chumbani, tunaghani pamoja.

"Maji safi" tuliyarudia mara mbili kwa sababu mara moja haikujaza pumzi. "Soma lebo" haikukaa kwenye mahadhi popote tulipoiweka, tukasema hiyo tutaikumbuka wenyewe. Hatukuikumbuka.

Hayo yote niliieleza kamati ya nidhamu. Na wiki iliyopita niliishia pale ambapo mwenyekiti wa kamati, Madam Sabina, alinifungulia maelezo ya Tanzila akanisomea kwa sauti.

"Sijawahi kusoma na Safina. Kwao sipajui."

Nilimwomba anisomee tena. Akanisomea tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Sasa binti," Madam Sabina akasema, "mmoja wenu anatudanganya. Alhamisi mzazi wa Tanzila atakuja. Na wewe uje na mtu mzima aliyewaona mkisoma. Usipokuja na mtu, tutaamua kwa hiki tulichonacho."

"Mkiamua niliibia?"

"Unaondoka chuoni. Sheria unaijua."

Naijua. Na chuo gani kingine kitampokea mtu aliyefukuzwa kwa wizi wa mtihani?

Nikatoka pale nikaenda kantini, si kwa njaa, ila sikujua pengine pa kwenda. Nikachukua wali wangu, nikasogea kwenye meza ya Nasra, mwenzangu wa kundi la maabara.

"Safina, samahani, hapa pana mtu," akasema.

"Nani?"

"Anakuja."

Nikakaa meza ya pili nikala huku nakitazama kile kiti. Hakuja mtu. Nasra alimaliza chakula chake, akanawa, akaondoka bila kugeuka.

Kufika nyumbani nikafungua simu. Kwenye grupu la darasa palikuwa na mstari mmoja: nimeondolewa. Hata aliyeniondoa sikumjua. Tanzila yeye alishanifungia siku nyingi, nikimpigia haiiti.

Msinione nawaandikia kwa utani. Siku zile nilikuwa mpweke mpaka nikawa nasalimia watu nisiowajua njiani ili nisikie mtu ananijibu.

Kesho yake nikapanda bajaji hadi Mikindani. Nilijiambia, namkabili Tanzila uso kwa uso, aniambie nimemkosea nini.

Dukani nikamkuta baba yake, Mzee Mohammedtaqi, kofia kichwani, miwani puani, anapanga ndoo za plastiki. Nilikuwa sijawahi kumwona wala yeye kuniona.

"Salaam alaykum, mzee."

"Wa alaykum salaam, binti. Karibu. Tukupe nini?"

Nilipanga kusema, nimemfuata Tanzila. Mdomo ukasema, "Sabuni ya unga."

"Ya kufulia?"

"Yoyote."

Akanitazama juu ya miwani, akaniletea ya kufulia. Kisha akaiona sare yangu.

"Hiyo si ya chuo cha binti yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi umeshasikia masaibu yetu. Kuna msichana kamnakilia mwanangu mtihani. Sasa wanatuita wote, mwizi na aliyeibiwa. Haki hiyo?"

Nikaishika sabuni kwa mikono miwili.

"Unamfahamu huyo msichana?"

"Simfahamu, mzee."

"Mwombee tu. Labda hana wa kumlea."

Alisema kwa huruma ya kweli. Mngemsikia! Nilitamani anitukane, ningepata nguvu. Nikachukua sabuni yangu nikatoka, na machozi yananitoka barabarani mchana kweupe.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kuna mlango wa uani. Tanzila alikuwa anaanika nguo, na aliponiona aliidondosha shuka mchangani.

"Umekuja kuniua?" akasema kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini umesema hunijui?"

"Sikusema sikujui. Nimesema sijasoma na wewe."

"Shoga, si ndiyo hiyo hiyo?"

"Safina, ondoka. Baba yuko pale mbele."

"Baba yako nimeshaongea naye. Ananihurumia. Ananiita mwizi na kunihurumia kwa pamoja. Tanzila, neno lako moja tu linatutoa sote wawili. Sema, ndiyo, nilikuwa kwao, tulighani. Tumekosea nini hapo? Kuna sheria inakataza kughani?"

Akaiokota shuka, akaikung'uta mchanga, akaikung'uta tena hata pasipo na mchanga.

"Nikisema nilikuwa kwenu, baba atauliza tangu lini. Atauliza nilikuwa naingia saa ngapi, natoka saa ngapi, na kulikuwa na nani. Mimi nilimwambia nabaki maktaba."

"Na kulikuwa na nani? Si mimi na wewe?"

Akageuka kuitundika shuka kambani.

"Tanzila. Kulikuwa na nani?"

"Muulize kaka yako," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nyie mlio na akili za haraka mmeshaelewa. Mimi nilielewa nikiwa kwenye bajaji, tumeshapita njia panda, na nilipoelewa nilimwambia dereva asimame nishuke. Nilisimama tu pembeni ya barabara na sabuni yangu.

Unajua, Tanzila chuoni anavaa ushungi wa kawaida kama sisi wote. Lakini akija kwetu Magomeni alikuwa anavaa ninja, macho tu ndiyo yanaonekana. Majirani walikuwa wananiuliza, "Yule mwenzio mwenye ninja ni nani?" Nilipomwuliza mwenyewe alisema vumbi la mtaani kwetu linamwasha. Nikamwamini! Na Yassini, ambaye zamani alikuwa harudi mpaka giza, siku zile jioni anakuwa nyumbani, anachomelea kitu uani, anatuletea juisi. Nikasema, kaka amekuwa mtu mwema.

Nikamkuta kibandani kwake karibu na soko, kichwa kimo ndani ya friji.

"Yassini, toka humo."

"Subiri kidogo."

"Toka humo nikwambie!"

Akatoka. Kuuona uso wangu tu, akaweka chini bisibisi.

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Wewe ndiye utaniambia."

Akaniambia. Wanapendana. Wameahidiana. Walikuwa wanaongea dakika mbili tatu tu, nikienda kuoga au kuchota maji, na hakuna lolote la aibu lililofanyika, anaapa kwa kaburi la mama.

"Mwache mama," nikamwambia.

"Kuna watu wa Tanga, ukoo wa Asgarali, wameleta posa. Baba yake ameshakubali, anasubiri amalize chuo. Akisikia kuhusu mimi, mdogo wangu, hatasubiri tena. Atamtoa chuo kesho yake, na harusi itakuwa wiki hiyo hiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta njia. Nilitaka nijipange kwanza, niende na wazee, niongee kiume."

"Yassini, Alhamisi nakwenda kufukuzwa chuo. Wewe ndiye mtu mzima pekee aliyetuona. Njoo useme tu ulituona tukisoma. Hayo mengine hawatakuuliza."

"Nikikaa kwenye chumba kimoja na baba yake? Mimi kijana wa kiume, nyumba haina mama, haina baba, na binti yake alikuwa anaingia humo kwa kujificha uso? Safina, yule mzee si mtoto. Atajumlisha."

Nikamtazama kaka yangu. Huyu ndiye aliyenilipia fomu ya kujiunga. Huyu ndiye alikuwa anaghani na mimi utotoni, na mama akimgonga magoti akisinzia.

"Na mimi je?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Wewe una akili. Utapata chuo kingine."

"Wapi?"

Aliokota bisibisi yake, akawa anaifuta tu na kitambaa.

Niwaambie kilichoniuma, na si chuo. Nilidhani Tanzila alikuwa anakuja kwangu. Jioni zote zile, mimi nafagia chumba, natandika mkeka, nachemsha chai ya tangawizi kwa sababu anaipenda, najisemea kwamba na mimi nina mtu. Nilikuwa na rafiki mmoja duniani na kumbe hakuwa wangu.

Tukakaa na Yassini nyumba moja mpaka Alhamisi bila kusemezana. Ananiachia chakula mezani amekifunika sahani. Sikukila. Asubuhi ya Alhamisi nikavaa, nikasimama mlangoni kwake.

"Nakwenda."

"Mungu akutangulie," akasema kutoka ndani. Hakufungua.

Ofisi ya kamati ina meza ndefu. Upande mmoja Madam Sabina, mama mzaliwa wa Mpapura, mnene, mtaratibu, asiyependa kelele. Pembeni yake Mwalimu Filipo na karatasi zetu mbili. Upande wa pili Tanzila na baba yake. Mzee Mohammedtaqi aliponiona, alivua miwani.

"Kumbe ni wewe wa sabuni."

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Akavaa miwani yake. Ile huruma ya dukani ikawa haipo usoni.

"Safina, mtu wako yuko wapi?" Madam Sabina akauliza.

"Sina mtu, Madam."

"Kaka yako? Kwenye maelezo umeandika unaye kaka."

Tanzila aliinua uso. Sijawahi kuona macho yanaomba namna ile.

"Kapata kazi ya ghafla," nikasema.

Mwalimu Filipo akaguna. "Madam, hii kesi imekwisha. Hana shahidi, hana lolote. Lakini nisije nikaambiwa nimeonea mtu. Binti, unasema jibu hili ni lako, limo kichwani mwako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi liseme. Sasa hivi, bila karatasi."

Nikasimama. Nikaanza kulisema kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Gonga chupa. Gonga chupa ili... Nikakwama. Jamani, lilipotea lote! Maneno niliyoyaghani mpaka usingizini, nikiyasema kwa mdomo mkavu hayaji. Nikarudia mwanzo. Nikakwama pale pale.

"Mmeona?" Mwalimu Filipo akafunga faili.

"Mwalimu, naomba nikae chini."

"Kiti si hicho hapo?"

"Chini kabisa, mwalimu. Sakafuni."

Madam Sabina akamtazama Filipo, akanitazama mimi, akasema, "Mwache akae."

Nikakaa sakafuni na sare yangu, nikakunja miguu, nikafumba macho. Aibu? Ilinijaa hadi masikioni. Lakini mwili ulipoanza kuyumba tu, mahadhi yakaja yenyewe, na maneno yakaja nyuma yake.

"Gonga chupa, unga ulegee. Pima maji safi, maji safi. Tia nusu, tikisa. Tia nusu iliyobaki, tikisa. Andika tarehe. Mwambie mama kipimo, mwambie atikise kila mara, mwambie aweke pa baridi..."

Nikaghani lote. Nilipomaliza la dawa ya unga nikaunganisha na la matone ya macho, nikaunganisha na la marhamu, mpaka Madam Sabina akasema, "Basi, basi, mwanangu, inatosha."

Nikafumbua macho. Mwalimu Filipo alikuwa ameishika karatasi yangu anafuatisha kwa kidole.

"Mbona hukusema hatua ya kusoma lebo?"

"Haikuingia kwenye mahadhi, mwalimu."

Akacheka. Kicheko kilimtoka tu, akajizuia haraka. "Madam, huyu hakuibia. Hii ni yake. Hata kigugumizi cha maji ni chake."

Wasomaji wangu, mimi nililia pale pale sakafuni. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani naamka, naenda nyumbani, nalala.

Mwalimu Filipo akaichukua karatasi ya pili.

"Basi hii ndiyo ya wizi," akasema. "Tanzila, simama."

Nikaacha kulia. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshughulika na shingo yangu mpaka nikasahau kwamba kamba ilikuwa na ncha mbili.

"Tanzila, na wewe liseme jibu lako," Mwalimu Filipo akasema.

Tanzila alisimama ameshika ukingo wa meza. Alikuwa analijua, kama ninavyolijua mimi. Lakini angelifungua vipi bila kuyumba, bila yale mahadhi ya nyumbani kwetu? Angefungua mdomo tu, kila mtu angejua alikuwa mkekani kwangu.

"Nimesahau," akasema.

"Lote?"

"Lote, mwalimu."

Baba yake akageuka akamtazama.

"Tanzila," Madam Sabina akasema, "unaelewa unachokisema? Ulituandikia kwamba hujasoma na Safina. Kama hamkusoma pamoja, na jibu ni la Safina, basi wewe ulilichukua mezani kwake. Hakuna njia ya tatu. Ukisema sasa kwamba mlisoma wote, nakufutia tuhuma na wewe. Sitakuuliza kwa nini ulidanganya kwenye maelezo."

"Sikusoma naye."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Madam."

Kinara wa darasa, anakubali kuitwa mwizi mbele ya baba yake, na mimi ndiye pekee mle ndani niliyejua ni kwa ajili ya nani.

Madam Sabina akanigeukia. "Safina. Wewe ulituandikia kwamba mlisoma pamoja nyumbani kwenu. Nakuuliza mara ya mwisho, na utakalosema ndilo nitakaloandika. Mlisoma pamoja au hamkusoma?"

Tanzila akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Hapana. Sema hapana.

Nikisema ndiyo, anabaki chuoni kwa siku moja, kisha baba yake anajumlisha, na Tanga inamsubiri. Nikisema hapana, anafukuzwa kwa wizi, lakini siri yake inabaki siri yake, na kaka yangu anabaki salama.

Na nisijitakase. Nilijua pia kwamba hapana ile inaniokoa mimi. Na sehemu fulani ndani yangu, ile iliyokuwa inachemsha chai ya tangawizi, ilitaka aumie kidogo.

"Hapana," nikasema. "Hatukusoma pamoja. Nilidanganya kwa sababu ya hofu."

Tanzila akafumba macho. Akashusha pumzi. Alinishukuru, jamani. Nilimwita mwizi na akanishukuru.

Madam Sabina akachukua kalamu.

"Samahani, mama," Mzee Mohammedtaqi akasema. "Usiandike kwanza."

Akasimama taratibu, mikono mezani.

"Mimi si mtu wa shule. Lakini hayo maneno aliyoyasoma huyu binti sakafuni, mimi nayajua."

"Unayajua vipi, mzee?"

"Mwanangu ameyasoma jikoni kila alfajiri, mwezi mzima kabla ya mtihani. Anakanda chapati, anayumba, anasoma. Sauti hiyo hiyo. Nilidhani ni kaswida za Kiingereza, nikafurahi." Akaanza kuyatoa, kwa sauti nzito ya kizee, kiganja kinagonga meza, na hakukosea mahali: gonga chupa, unga ulegee, pima maji safi, maji safi.

Mwalimu Filipo akaiweka mezani karatasi ya Tanzila.

"Kwa hiyo mwanangu hakuiba," akasema. "Alifundishwa. Na aliyemfundisha ni wewe."

Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanangu ameona heri aitwe mwizi kuliko kusema alikuwa kwenu. Na wewe, ambaye ungeweza kumwokoa kwa neno moja, umemsaidia asiseme. Mimi nina umri, binti. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hapo nyumbani kwenu, unaishi na nani?"

Tanzila akaweka mkono mdomoni. Madam Sabina alikuwa ameyafungua tena maelezo yangu, yale niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kidole chake kilikuwa kinashuka ukurasani.

Sikumngoja afike.

"Naishi na kaka yangu, wawili tu," nikasema.